Mwana wa Njia: Mtoto Mhamiaji Asikilizwe Kabla ya Kuhukumiwa

Usiku mmoja wa mwezi Julai, baada ya swala ya Isha, tulipokuwa tukifunga milango ya msikiti wetu hapa Engutoto, tulimkuta mtoto amejikunja kibarazani, upande wa mabomba ya kutawadhia. Baridi ishukayo kutoka Mlima Meru katika msimu ule kila mkazi wa Arusha anaijua. Yeye alikuwa na fulana moja na kandambili zisizolingana. Tulimsalimu, hakujibu. Tulimuuliza jina kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, akawa anatazama chini tu. Mzee wetu mmoja, ambaye ujanani aliendesha malori hadi Moyale, alimtamkia maneno machache ya Kihabeshi, ndipo mtoto akainua uso. Tulichoambulia ni kwamba anatoka Ethiopia, kwamba ana umri wa miaka 14, na kwamba aliokuwa nao wamekwishaondoka.

Akina mama wa nyumba ya jirani walileta makande ya moto na blanketi. Alipoinama kula, tuliona uzi mweusi shingoni mwake, wenye msalaba mdogo.

Kamati ikakaa palepale. Mmoja wetu akasema: "Ndugu zangu, apigiwe simu polisi sasa hivi. Sheria inamtia hatiani anayemhifadhi mtu aliyeingia nchini bila kibali, na msikiti si nyumba iliyo nje ya sheria." Mwingine akajibu: "Ukiwaita usiku huu, atalala mahabusu pamoja na watu wazima. Alale hapa, asubuhi tutajua la kufanya." Wa tatu akauliza kama inafaa kumlaza ndani ya madrasa asiyekuwa Muislamu. Mzee wa malori akasema neno moja tu: "Jamani, huyu ni mtoto wa watu." Hoja zikafuatana hoja mpaka saa 6 usiku. Mwishowe tuliafikiana alale katika darasa la madrasa, na baada ya Alfajiri tumwone mwenyekiti wa mtaa pamoja na afisa ustawi wa jamii.

Tulipokuja kuswali Alfajiri tulikuta blanketi limekunjwa vizuri, bakuli limeoshwa, na mtoto hayupo. Wakati wote wa mjadala alikuwa ameketi mbele yetu akitutazama. Maneno hakuyaelewa, lakini bila shaka alielewa kwamba shauri lililokuwa likikatwa ni lake. Na katika saa zote zile, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuandika jina lake.

Tumeona tuiandike habari hii katika kurasa za familia kwa sababu jambo lililotushinda usiku ule ndilo linalojadiliwa na wakubwa katika nchi nyingi za dunia: afanyiwe nini mtu aliyeingia nchini pasipo kibali, na zaidi ya hapo, afanyiwe nini akiwa mtoto asiye na mzazi wala mlezi?

Njia ipitayo milangoni mwetu

Msomaji asiyeishi kaskazini mwa nchi huenda akauliza mtoto wa Ethiopia amefikaje Engutoto. Ukitazama ramani utaona. Kuna safari ndefu ya vijana wa Kihabeshi, wengi wao kutoka maeneo ya Hosaena, kusini mwa nchi yao, kwenda kutafuta maisha Afrika Kusini. Huingia Kenya kwa Moyale, hushuka Nairobi, kisha hupenya mpaka wetu kwa njia za panya pembezoni mwa Namanga, Holili au Tarakea. Kutoka mikoa ya Arusha na Kilimanjaro husafirishwa ndani ya malori hadi Mbeya na Songwe, na kutoka huko kuingia Malawi au Zambia. Wanaowasafirisha wana jina ambalo sisi pia tunalo: Wahabeshi huwaita kwa neno lililo ndugu na neno letu "dalali". Dalali huahidi gari, kazi na pesa, na familia huuza ng'ombe au shamba ili kumlipa.

Safari hii imeua. Mwezi Juni mwaka 2012, katika kijiji cha Chitego, wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, miili zaidi ya 40 ya Waethiopia ilitupwa kichakani baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Mwezi Machi mwaka 2020, mkoani Tete nchini Msumbiji, walikutwa wengine 64 wamekufa ndani ya kontena. Waliokamatwa kabla ya kufika huko ndio waliosalimika, na waliosalimika hawa wengi wao waliishia magerezani.

Msamaha na mjadala wake

Mwezi Januari mwaka 2021, Rais wa Ethiopia, Mheshimiwa Sahle-Work Zewde, alipomtembelea Rais John Magufuli nyumbani kwake Chato, ilitangazwa kwamba wafungwa 1,789 wa Kiethiopia waliokuwa katika magereza yetu kwa kosa la kuingia nchini kinyume cha sheria wamesamehewa na watarejeshwa kwao. Wengi tulifurahi. Wapo pia walionung'unika, na haki inatutaka tuzitaje hoja za pande zote mbili.

Anayeunga mkono msamaha husema kwamba hawa si wezi wala wauaji. Kosa lao ni kuvuka mpaka wakielekea nchi nyingine, na kuwalisha gerezani kwa miaka ni mzigo kwa taifa na dhuluma kwao. Anayeupinga husema kwamba nchi isiyolinda mpaka wake haina heshima, na kwamba kila msamaha ni mwaliko kwa wengine, kwani dalali atawaambia wateja wake wapya: "Nendeni, mkikamatwa mtasamehewa."

Mabishano haya si yetu peke yetu. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1986, wakati wa Rais Ronald Reagan, iliwahalalishia makazi watu wanaokaribia 2,700,000 waliokuwa wakiishi bila vibali, na tangu siku hiyo wanasiasa wa kule wanashindana iwapo ulikuwa uungwana au kosa. Mwaka 2012 Rais Barack Obama aliwapa kinga ya muda ya kutofukuzwa vijana walioletwa nchini humo wakiwa wadogo. Miaka miwili baadaye, katika mwaka mmoja wa fedha, watoto zaidi ya 68,000 walikamatwa katika mpaka wa kusini wakiwa peke yao, wengi wao kutoka Guatemala, Honduras na El Salvador. Wabunge walisimama wakahutubia, na huku hotuba zikiendelea, watoto wale wakawa wanakua. Wapo ambao leo ni wazazi, na jambo lao bado halijaamuliwa.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji atue kidogo. Hoja zote mbili, ya wanaosamehe na ya wanaokataa, zinaanzia mahali pamoja: kwamba mkosaji ameshapatikana. Kusamehewa ni kwa aliyehukumiwa. Ukimsamehe mtoto wa miaka 14 baada ya kumfunga miaka miwili, umekwisha kumwita mkosaji, na miaka miwili ya utoto wake hairudi. Kabla ya kujadili kama asamehewe au asisamehewe, kuna haki iliyotangulia, nayo ni kuulizwa: wewe ni nani, una umri gani, na nani amekuleta hapa?

Nchi yetu imeyaona yote mawili

Taifa letu si geni katika jambo hili. Hapa hapa Arusha ndipo yaliposainiwa makubaliano ya amani ya Rwanda, tarehe 4 Agosti 1993, na ya Burundi, tarehe 28 Agosti 2000. Katika mikataba yote miwili, suala la wakimbizi na kurejea kwao lilikuwa miongoni mwa mambo makuu.

Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walilima, wakaoa, wakazaa. Baadaye Serikali ikawapa hiari ya kurudi kwao au kuomba uraia wetu, na zaidi ya watu 162,000 wakakubaliwa. Ni wachache duniani waliowahi kuwafanyia wakimbizi wema wa kiasi hicho kwa mara moja, na tuna haki ya kujivunia. Hata hivyo, baina ya kukubaliwa na kupewa vyeti ilipita miaka kadhaa ya mashaka. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Katika miaka ile ya kungoja, mtoto aliyezaliwa Ulyankulu hakuwa Mrundi aliyewahi kuiona Burundi, wala hakuwa Mtanzania mwenye karatasi mkononi.

Mwaka mmoja kabla ya vyeti vile, yaani 2013, ilipita Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu walirudishwa Rwanda, Burundi na Uganda, na miongoni mwao walikuwemo walioishi nchini kwa miongo mingi. Zipo nyumba ambazo baba alivushwa mpaka na mama akabaki, au wazazi walivushwa na watoto wakabaki. Hatusemi kwamba Serikali haina haki ya kujua nani yuko ndani ya nchi. Tunasema kwamba jambo likifanywa kwa haraka ya operesheni, wa kwanza kupotea katika hesabu ni mtoto, kwa kuwa hana kitambulisho, hana shahidi, na sauti yake ni ndogo.

Mfalme aliyekataa kuhukumu upande mmoja

Sisi Waislamu tuna deni la pekee katika suala hili, na deni lenyewe tunadaiwa na Habasha.

Katika mwaka wa tano wa Utume, mateso ya Makka yalipozidi, Mtume Muhammad (SAW) aliwaelekeza baadhi ya Masahaba wake wahamie Habasha, kwa kuwa huko kulikuwa na mfalme ambaye mbele yake hadhulumiwi mtu. Hii ndiyo hijra ya kwanza katika Uislamu, kabla ya ile ya Madina. Walikwenda wanaume, wanawake na wadogo, na wengine walizaliwa hukohuko ugenini, akiwemo Abdullah, mtoto wa Jafar bin Abi Talib.

Maquraishi hawakukubali. Walimtuma Amr bin al-As na mwenzake wakiwa na zawadi, wawaombe wakuu wa dola wawarudishe wahamiaji wale. Zawadi zikapokewa, na wakuu wakamshauri Najashi awatoe pasipo hata kuwasikia. Hapo ndipo mfalme yule alipokasirika. Alikataa kuwatoa watu waliokuja kujihifadhi kwake mpaka awaite na kuwauliza wao wenyewe. Akawaita, Jafar akasimama akaeleza, kisha akasoma mwanzo wa Sura Maryam, mpaka machozi yakamtoka mfalme. Zawadi zikarudishwa kwa wenyewe, na wahamiaji wakabaki kwa amani.

Najashi wakati ule alikuwa Mkristo, na waliokimbilia kwake hawakuwa wa dini yake. Tukiwa tumeketi kibarazani usiku ule tukijadili msalaba ulioko shingoni mwa mtoto wa Kihabeshi, tuliisahau historia hii ambayo sote tulisomeshwa chuoni. Mtume (SAW) hakuisahau. Najashi alipofariki, alimswalia swala ya maiti akiwa Madina na maiti ikiwa mbali.

Yusuf na mlango wa gereza

Upo mfano mwingine, na huu umo katika sura ambayo watoto wetu wanaipenda kuliko nyingi. Nabii Yusuf (AS) alikuwa mtoto peke yake njiani. Msafara ulimtoa kisimani, ukamvusha hadi Misri, ukamuuza kwa dirhamu chache. Akakua ugenini, akasingiziwa, akatiwa gerezani, akakaa humo miaka. Mfalme alipomhitaji na kuagiza atolewe, Yusuf hakukimbilia mlangoni. Alimrudisha mjumbe kwa bwana wake, akataka kwanza lichunguzwe jambo la wale wanawake waliojikata mikono. Alitaka ijulikane kwamba hakuwa na kosa.

Wanazuoni wamesifu subira yake hapo. Nasi tunaona ndani yake somo linalotuhusu. Kufunguliwa mlango si sawa na kusikilizwa. Mtoto aliyevushwa na dalali ni aliyeuzwa, na aliyeuzwa hawi sawa na aliyeuza. Nchi yetu inayo sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, lakini sheria hiyo haitamfikia dalali iwapo mtoto, ambaye ndiye shahidi, hakuulizwa kitu zaidi ya hati ya kusafiria.

Baleghe, utu uzima na umri wa sheria

Baadhi ya ndugu zetu husema: "Kijana wa miaka 15 amekwishabaleghe, swala ni wajibu juu yake, mbona tumwite mtoto?" Swali hili ni la haki na linastahili jibu. Fiqhi yenyewe imetofautisha baina ya kubaleghe na kuwa na rushdi, yaani upevu wa kuendesha mambo. Katika Sura An-Nisaa, Mwenyezi Mungu amewaamrisha walezi wawajaribu mayatima, na wasiwakabidhi mali zao mpaka waone kwamba wamepevuka. Ikiwa kijana aliyebaleghe hakabidhiwi ng'ombe wa marehemu baba yake kabla ya kupimwa upevu, vipi abebeshwe peke yake lawama ya safari iliyopangwa na watu wazima katika nchi tatu?

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inaitaka mahakama, inapoona kwamba aliyeletwa mbele yake anaonekana kuwa mtoto, ichunguze umri wake. Haikusema mtoto wa Kitanzania peke yake. Mkataba wa kimataifa wa Haki za Mtoto tuliuridhia mwaka 1991. Kwa hiyo tunachokiomba si kipya. Tunaomba kilichokwishaandikwa kitendwe: aulizwe umri mapema, atafutiwe mkalimani, asichanganywe na watu wazima, na ustawi wa jamii waitwe kabla ya hakimu.

Nyumba zetu zifanye nini

Siasa ina wenyewe, lakini mlango ni wako. Mtoto wa namna hii akibisha kwako au kwenye msikiti wako, tunashauri yafuatayo.

Mpe chakula, maji na pa kuketi, bila kumuuliza dini. Sura Al-Insan imewasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka, na wafasiri wamekumbusha kwamba mateka wa wakati ule walikuwa washirikina. Andika jina lake, umri anaoutaja na mahali anapotoka, hata ukikosea tahajia. Karatasi hiyo yaweza kuwa shahidi wake wa kwanza. Usimfiche, wala usimtafutie gari la kuendelea na safari hata akikulilia, kwani utakuwa umeingia katika kazi ya dalali, na sheria ya uhamiaji itakuhesabu hivyo. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii wa kata au wa jiji, au piga namba 116, ambayo ni simu ya bure ya msaada kwa mtoto. Likibidi kwenda kituoni, muulizie afisa wa dawati la jinsia na watoto, na asipelekwe peke yake. Mtu mzima mmoja afuatane naye na akae mpaka umri wake uandikwe.

Familia zenye nafasi na subira zinaweza kuuliza ustawi wa jamii kuhusu utaratibu wa watu wa kuaminika, ambao hupokea mtoto kwa muda chini ya Sheria ya Mtoto huku ndugu zake wakitafutwa. Wenzetu waliosoma fiqhi wataona kwamba jambo hili liko karibu na kafala: unamlea, unamtunza, na nasaba yake inabaki kuwa yake.

Ama mali, tukumbuke kwamba miongoni mwa mafungu manane ya zaka limo la ibn sabil, na tafsiri ya neno hilo kwa herufi ni "mwana wa njia". Wanazuoni wengi wameshurutisha Uislamu kwa anayepokea zaka, na hilo tuliheshimu. Lakini mlango wa sadaka ni mpana, na hauna sharti hilo.

Tuwakumbuke pia wanetu wenyewe. Katika mitaa yetu wapo mabinti waliokwenda kufanya kazi za ndani Oman na nchi nyingine za Ghuba, wengine kwa mikono ya madalali hawahawa. Mama anayelala na simu mkononi hapa Arusha anamwomba Mwenyezi Mungu jambo moja: kwamba siku mwanawe atakapopatwa na shida, akutane na mtu atakayemuuliza na kumsikiliza. Kuna mama Hosaena anayeomba hivyo hivyo.

Tulichokiazimia

Baada ya siku ile kamati yetu ilikutana tena, safari hii kwa muda mfupi. Tuliazimia mambo matatu. Namba ya afisa ustawi wa jamii na namba 116 zimebandikwa karibu na mabomba ya kutawadhia na kwenye mlango wa madrasa. Mzee wa malori ameombwa awe wa kuitwa kila likitokea, kwa ajili ya yale maneno yake machache ya Kihabeshi. Na limenunuliwa daftari, liko katika kabati la ofisi, ukurasa wa kwanza umepigwa mistari: jina, umri, atokako, nani aliitwa, saa ngapi.

Mstari wa kwanza tumeujaza kwa tulichokuwa nacho. Chini ya umri tumeandika 14. Chini ya mahali atokako tumeandika Ethiopia. Penye jina pako wazi, na tumepaacha hivyo kwa makusudi, ili kila katibu atakayekuja baada yetu apaone kabla hajaanza kujadili.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amhifadhi mtoto yule popote alipo, amfikishe kwa wazazi wake, na atusamehe sisi kwa usiku ule. Wabillahi tawfiq.